Uji wa Kabla ya Basi

Nasikia mnanicheka kwa sababu ya uji. Ninyi vijana mlioshika kazi yangu pale Base Camp, kwenye ofisi za kambi, mnaowafundisha watu safari ya ndege, mliniambia wenyewe mlipokuja kunijulia hali: "Mama Riziki, ule uji wako unatuchelewesha. Basi linanguruma, dereva anapiga honi, na sisi bado tunamngoja bibi mmoja amalize kikombe." Mmoja wenu, simtaji, akaongeza kwamba ndani ya ndege watu wanapewa chakula kizuri, hivyo uji ni ushamba wa wazee. Siku ile nilinyamaza kwa kuwa mlikuwa mmeniletea sukari. Sasa sukari imekwisha, nitasema.

Kazi ile niliifanya mpaka magoti yakakataa. Kabla ya vita vya mwaka 1996 kututapanya nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kivu Kusini, upande wa Uvira. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nililima mahindi na maharagwe kama kila mtu, hadi wakatafuta mkimbizi anayeweza kusimama mbele ya watu na kusema Kiswahili, Kifaransa na Kifuliiru bila kubabaika. Wale waliokubaliwa kuhamia nchi za mbali walikuja darasani kwangu siku chache kabla ya kuondoka, nami niliwafundisha namna ya kukaa ndani ya ndege, kula, kwenda choo na kutokufa kwa hofu. Kisha nilipanda nao basi hadi Mbarara, na mara nyingine hadi uwanja wa Entebbe, halafu nikarudi kwenye maharagwe yangu. Mimi mwenyewe ndege sijaipanda hata siku moja. Hilo pia mmelicheka, na hapo mna haki.

Mwanzoni hatukuwa na televisheni ya kuonyesha picha za ndege, wala ule mkanda wa kweli wenye chuma mnaojidai nao. Tulikuwa na mabenchi ya kanisa. Tuliyapanga mawili mawili, tukaacha njia katikati, na mikanda ilikuwa vipande vya kitenge nilivyochana kutoka nguo yangu iliyopauka. Mtu anakaa, anajizungushia kitenge kiunoni, anakaza fundo, nami napita nikivuta kila fundo kwa mkono. Baadaye ukaletwa mkanda mmoja wa kweli. Ukawa mmoja kwa watu arobaini, basi vitenge vikabaki kazini, na hadi leo naamini fundo la kitenge linafundisha vizuri zaidi, maana mtu hujua amejifunga na nini.

Aliyenifundisha kazi ni Gaspari, Mrundi mwembamba mwenye kikohozi kisichokwisha. Amekwisha kufa. Alikuwa na maneno machache na yote yalinifaa. Aliniambia, "Mtu akikuuliza habari za choo, mjibu habari za choo, imekwisha. Lakini akikuuliza habari za hewa, au ndege ikianguka wanazika wapi, huyo mfuate hadi nyumbani kwake kabla hajasafiri." Nikamuuliza nikifika huko nifanye nini. Akasema, "Kaa. Kunywa chai yake. Utaona kitu."

Yapo mengine ambayo hamtayaona kwenye filamu zenu. Wakatazeni watu kununua viatu vipya vya kubana pale sokoni Mbarara. Juu angani miguu inavimba, na nimesikia ya bwana mmoja aliyeshuka Ulaya ameshika viatu mkononi, anakanyaga baridi kwa soksi. Mama mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe ndege inapopanda na inaposhuka, masikio ya mtoto yasimwume. Ndagala mkavu, yaani dagaa, abaki Nakivale, hata kama mama mkwe amelia. Na waambieni jambo la salamu. Mzee mmoja wa kwetu aliingia ndani ya ndege akafanya kama anavyofanya mtu mwenye adabu akiingia nyumba yenye watu: akaanza mstari wa kwanza, akampa mkono kila abiria, "Amani? Amani kwenu?" hadi katikati ya ndege, wazungu wakimtazama, na njia yote nyuma yake imeziba. Wahudumu walidhani amechanganyikiwa. Tangu hapo nilifundisha: msalimie wa kulia kwako na wa kushoto kwako, inatosha.

Haya, tumecheka. Sasa niwaambie habari za Mzee Kashindi.

Alikuwa mkulima, shamba lake liko kule mwisho wa kambi, ukielekea Rugaaga. Mkewe na wanawe wa kiume vita viliwameza. Alibaki na binti mmoja, Mapendo, ambaye naye alikuwa mjane, na mtoto wa Mapendo, Neema. Neema alikuwa na miaka minane lakini ungemdhania ana mitano, kwa sababu moyo wake ulikuwa na tundu. Akipanda kilima kidogo midomo inageuka rangi ya wino. Madaktari walisema hapa Uganda hawawezi kuuziba, na kwamba moyo ule hautangoja sana. Ndiyo sababu jina la familia ile lilitangulizwa mbele ya wengi waliokuwa wanasubiri kwa miaka. Huko walikokuwa wanaenda, hospitali ilikuwa imekwisha kumpangia mtoto siku ya kupasuliwa.

Darasani walikaa benchi la mbele, Neema katikati. Mikono ya Mzee Kashindi ilikuwa inatetemeka, fundo lilimshinda. Basi kila nilipotoa amri ya kujifunga mkanda, Neema alijifunga chake, kisha akageuka akamfunga babu yake, akakaza, akampiga tumboni kibao kidogo na kusema, "Babu, umeshikwa." Siku ya pili wote darasani walikuwa wanalingoja neno lile. Hata mimi nilikuwa nalingoja.

Siku hiyohiyo mzee alinyoosha mkono.

"Mwalimu, banasema kule juu hewa iko kidogo. Huyu mutoto moyo yake iko mugonjwa. Atapumua nini?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa. "Muzee, ile ndege, ile avio, inafungwa muzuri, hewa inabakia ndani na batu. Na Neema atakuwa na muuguzi pembeni yake, na chupa ya hewa yake peke yake."

"Na ile chupa ikiisha?"

"Iko ingine."

"Na ile ingine ikiisha?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alimtazama Neema, naye Neema alikuwa anachezea fundo la kitenge.

Nilikumbuka maneno ya Gaspari. Siku moja kabla ya basi nikatembea hadi kwao. Nilimkuta mzee ameketi mlangoni, uso unang'aa, kichwa kinang'aa, mafuta yanakaribia kumchuruzika shingoni. Nikamtania, "Muzee, leo uko kijana, tukutafutie bibi?" Akacheka, akasema, "Safari, Mwalimu. Mutu haendi kwa bazungu na ngozi ya mamba." Nikaona ni jambo jema. Mtu mwenye hofu hajipaki mafuta namna ile, ndivyo nilivyofikiri.

Nilimuuliza habari za dawa zake, kwa maana alikuwa na presha na alitakiwa kumeza kidonge kila siku. Akatoa kikopo mfukoni mwa koti, akakitikisa kikalia. "Njo hizi. Zitakaa mu mufuko ya mukononi, vile ulifundisha." Mapendo akatuletea chai na viazi vitamu. Tuliongea hadi jua likaanza kushuka. Nilipoinuka kuaga, kikombe cha mzee kilikuwa kimejaa. Nikadhani Mapendo amekiongeza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa ofisini hawakulijua, na ninyi wengine mliozaliwa humu kambini mnalijua bila kulifikiria. Kanisa lao, kama makanisa mengi ya kwetu, likipata msafiri, waombezi hutangaza mfungo. Siku tatu, bila chakula, bila maji, kumwombea njia. Na kwa desturi yao anayefunga haonyeshi. Hakunji uso ili watu wamsifu. Ananawa, anajipaka mafuta kichwani, anacheka na wageni, na njaa yake anamwachia Mungu peke yake. Mchungaji alikuwa amesema wazi mbele ya kusanyiko kwamba wagonjwa na wazee wasifunge, hasa Mzee Kashindi. Mzee akaitika "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akaenda zake akafunga. Binti yake hakujua. Mzee alikuwa anachukua sahani yake, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, na chakula kinaliwa na kuku wa jirani. Vidonge navyo hakuvimeza, kwani kidonge kinahitaji maji.

Asubuhi ya safari watu waliimba na kulia kama kawaida. Mnazijua asubuhi zile, hazitofautiani na msiba ila hakuna jeneza. Dereva wetu alikuwa Tumwine, Mnyankore wa Mbarara aliyewahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko kambi ya askari. Akapiga kelele, "Mama Riziki, watu yako yote iko ndani? Mimi nataka kutoka sasa, hiyo kulia watamaliza kwa njia." Neema alikaa mbele na Mapendo na muuguzi, chupa ya hewa miguuni pao. Mzee Kashindi alikaa nyuma karibu nami, kwenye kivuli, koti limefungwa vifungo vyote.

Tulipofika Masha, njiani kabla ya Mbarara, jua limekwisha kupanda, nikamtazama kwa karibu. Chini ya yale mafuta midomo ilikuwa imepasuka na kukauka. Alikuwa ameshika kichwa.

"Muzee, umekunywa nini asubuhi?"

Akatabasamu. "Inabakia kidogo, Mwalimu."

"Kidogo nini?"

"Nilimuahidi Mungu. Mupaka mutoto aingie mu avio. Wale bengine balimaliza jana. Miye niliongeza leo." Akanishika mkono. "Usiseme kwa Mapendo. Atanigombeza mbele ya batu."

Nilikasirika, ndugu zangu. Hasira ilinipanda hadi nikasahau kwamba naongea na mtu wa umri wa baba yangu. Nikafungua chupa yangu ya maji, nikamsogezea mdomoni, nikasema, "Kunywa. Kunywa sasa hivi, ao nitamuita Mapendo na muuguzi." Alitazama yale maji kama mtoto anavyotazama dawa chungu. Akafungua mdomo aseme neno, na neno halikutoka. Upande mmoja wa uso wake ukashuka. Mkono ulioshika wangu ukalegea, maji yakamwagikia koti.

Nilimwita Tumwine kwa sauti ambayo hata sasa siipendi kuikumbuka. Alitazama kwenye kioo mara moja tu. "Huyu si wa kungoja," akasema, na basi likaruka. Sijawahi kuona basi kubwa likienda vile. Alituvusha mjini Mbarara honi ikilia mfululizo, akatufikisha Ruharo, kwenye hospitali ya misheni, akambeba mzee mgongoni mwenyewe.

Walimpokea haraka, walifanya kila walichoweza. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Hakusema tena. Mchana, jua likiwa bado kali, Mzee Kashindi akafa, Mapendo ameshika miguu yake na mimi nimesimama mlangoni.

Neema alikuwa ndani ya basi na muuguzi. Aliambiwa babu ameenda kwa daktari.

Ndege ilikuwa ya siku iliyofuata. Muuguzi alitoka tukaongea pembeni, mimi, yeye na Mapendo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema taratibu kwamba nafasi ya Neema ndani ya ndege ile, pamoja na hewa yake na siku yake ya kupasuliwa, vimepangwa kwa miezi. Wakikosa, vipimo vitapitwa na wakati na kila kitu kitaanza upya. Na akasema jambo jingine: moyo ule usipigwe na habari ya ghafla. Mtoto asiambiwe kabla hajapasuliwa. Kisha akarudi kwenye basi, akatuacha karibu na bomba la maji.

Mapendo hakuwa analia. Alikuwa anatazama ukuta.

"Mama Riziki, kwetu mutoto haachi maiti ya baba yake namna hii. Niko mutoto moja tu. Kama niko mu avio, nani atakaa chini? Nani atatupa udongo wa kwanza?"

"Miye."

"Weye hauko wa ukoo."

"Nipe kitambaa yako ya kichwa."

Mnajua kwetu anayeketi chini karibu na maiti ni mtoto, na watu wakifika ni yeye wanayempa mkono, na udongo wake ndio wa kwanza. Mzazi asiyepata mkono wa mtoto wake anazikwa kama mpita njia. Nilichokuwa namwomba ni kikubwa, na nilijua. Lakini nilijua pia kwamba ndani ya lile basi kuna mtoto ambaye babu yake amejinyima maji kwa ajili yake, na wakibaki kumzika mzee, mwaka hautakwisha kabla hatujachimba kaburi la pili pembeni yake.

Nikamwambia hivyohivyo, bila kupamba. "Ukibakia, utamuzika baba yako vizuri. Kisha utamuzika na Neema."

Akainama, akalia mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayetapika. Kisha akafungua kitambaa chake kichwani akanipa. Akaniomba koti la baba yake. Mfukoni mlikuwa na kikopo cha vidonge, bado kizito, na kichupa cha mafuta. Vidonge akavitupa majanini. Akafungua bomba, akanawa uso, akanawa tena. Halafu akamimina mafuta ya mzee kiganjani akajipaka, paji la uso, mashavu, chini ya macho palipokuwa pamevimba. Alipomaliza uso wake ulikuwa unang'aa kama wa baba yake siku ile mlangoni. Nilitaka kumwambia aache, sikuweza.

Akapanda basi. Nilimsikia anamwambia Neema, "Babu atakuya na avio ingine. Daktari anasema apumuzike kwanza." Na alikuwa anatabasamu. Tumwine alikuwa ameegemea usukani, ameficha uso. Akaniambia kwa dirisha, "Mama, mimi nafikisha hawa kwa ndege. Hata gari ikufe, nafikisha." Wakaenda.

Mimi nilirudi na mzee jioni ileile, kwenye pikapu iliyotafutwa pale mjini. Walimviringisha kwa blanketi, wakamlaza nyuma, nikapanda naye. Lami ilipokwisha na mashimo yakaanza, alikuwa anateleza, anagonga bati huku na huku. Sikuweza kuvumilia mlio ule. Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na vile vitenge vya darasa, kwani Mbarara kila mara niliwarudishia wasafiri somo. Nikavitoa, nikavipitisha kiunoni mwake na kwenye vyuma vya pikapu, nikakaza mafundo moja moja. Akatulia. Nikakaa nimemshika kichwa hadi Nakivale.

Kwenye maziko bibi mmoja wa ukoo wao alinikuta nimeketi chini, akauliza huyu ni mtoto wa nani. Nikamwonyesha kitambaa kichwani kwangu. Akakitambua, akasogea, akanipa nafasi. Nilitupa udongo wa kwanza. Mwanamume mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Niligeuka palepale kaburini. Nilimwambia huyu hakujitakia kitu, alimtakia mwingine, na kama yeye hawezi kulia aende akanywe pombe yake. Mchungaji alinishika bega. Yeye alikuwa analia waziwazi.

Watu wameniuliza kama najilaumu. Sijilaumu. Nilimjibu swali lake kwa kweli, nikamfuata nyumbani kama Gaspari alivyosema, nikanywa chai yake. Alijificha vizuri, kwa sababu dini yake ilimfundisha kujificha na mapenzi yake yakamsukuma. Ninachobaki nacho ni huzuni, na kidogo hasira, na hivyo viwili havinitoki.

Ila nilibadilisha kazi. Nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia, mfungo wenu siugusi, Mungu ni wenu na wangu, lakini uishie kwangu. Alinielewa upesi. Tangu basi lililofuata nikawa natangulia na sufuria ya uji wa mahindi na soya. Mchungaji wa watu wanaoondoka anakuja, anaomba, anasema amina, na mfungo unavunjwa palepale kwa kikombe, mbele ya macho yangu. Mwenye dawa anameza dawa na uji uleule. Nasimama naye hadi nione chini ya kikombe. Simwamini mtu kwa neno lake, simwamini kwa kicheko chake, na anayeng'aa mafuta ndiye ninayesimama naye karibu zaidi. Mama mmoja aligoma, akasema nadhiri yake ni ya wiki nzima. Nikamwambia basi halitaondoka. Tumwine akazima injini, akashuka, akakaa kwenye jiwe. Mama akalia, akanywa.

Kwa hiyo ninyi mnaosema tunachelewa, cheleweni. Ndege inawangoja watu walioko hai.

Mapendo alinipigia simu miezi kadhaa baadaye. Nilikuwa shambani, nikakaa juu ya jembe kusikiliza. Alisema walifika. Alisema ndani ya ndege kiti cha baba yake kilibaki kitupu pembeni ya Neema, na Neema akajifunga mkanda wake, kisha akachukua mkanda wa kile kiti kitupu akaufunga pia, akaukaza. Mhudumu alipita akaona, akauacha. Mapendo alimtazama hivyo njia nzima, na uso wake unang'aa mafuta, anacheka kila mtoto alipogeuka.

Alisema Neema amepasuliwa, ameamka, anapanda ngazi bila kupumzika. Midomo yake sasa ina rangi ya midomo ya watu.

"Na habari ya babu?" nikauliza.

"Nilimuambia juzi, munganga wa hospitali alipokubali."

"Akasema nini?"



"Hakulia. Aliniuliza kitu moja tu. Aliniuliza, kama miye sikukuwa pale, nani alimufunga babu mukanda?"

Nilitazama mikono yangu, ina udongo wa maharagwe. Nikamwambia, "Mwambie ni miye. Mwambie nilikaza."